Umbo Bila Nyara: Biashara ya Kumbukumbu za Kidijitali za Wanyama Kandokando ya Ziwa Victoria

Kumbukumbu ya kidijitali ya mnyama ni umbo, picha au sauti ya mnyama mmoja mahususi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta pamoja na maelezo yanayomtambulisha, ili aliyemfuga au aliyemwinda abaki na kitu cha kumkumbuka pale ambapo mwili wenyewe umeliwa, umezikwa, umeuzwa au hauruhusiwi kuwekwa nyumbani. Tofauti yake na picha ya kawaida ya simu haiko katika uzuri bali katika vipimo, kwa kuwa picha huonyesha tu kwamba mnyama alikuwa mkubwa, ilhali kumbukumbu iliyotengenezwa ipasavyo husema alikuwa na urefu wa sentimita ngapi na uzito wa kilo ngapi, alipimwa siku gani na nani alishuhudia. Anayetaka kuanzisha biashara hii Mwanza hana budi kuielewa tofauti hiyo kabla ya kununua kamera, maana simu kila mteja anayo.

Mbinu kuu ni fotogrametria, yaani upimaji wa umbo kwa kutumia picha. Kitu hupigwa makumi ya picha kutoka kila upande, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, kisha programu hutafuta nukta zilezile katika picha tofauti, hukokotoa umbali wake na hatimaye hujenga umbo la pande tatu linaloweza kugeuzwageuzwa kwenye kioo au kuchapwa kama kinyago kidogo cha plastiki. Programu hiyo, hata hivyo, haijui kama kilicho mbele yake kina urefu wa shubiri au wa mita mbili, hivyo asiyeweka rula kando ya mnyama atapata umbo zuri lisilo na kipimo. Pembe, fuvu na samaki aliyekufa ni kazi rahisi. Manyoya marefu husumbua kwa sababu unywele mmojammoja ni mwembamba mno kushikwa na hesabu, na kiumbe hai huharibu kazi kila anapojitikisa, ingawa mbwa aliyelala kivulini saa nane mchana ni mteja mvumilivu kuliko binadamu wengi.

Kwa upande wa wawindaji, faida kubwa ya kumbukumbu ya namna hii inatokana na sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu kuwa nyara si pembe na meno pekee, bali pia ngozi, kucha, kwato, manyoya, mayai na sehemu nyingine yoyote ya mnyama, na kuzimiliki nyara hizo bila kibali ni kosa, huku usafirishaji wa nyara za spishi nyingi kwenda nje ukibanwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973. Umbo la kidijitali si sehemu ya mwili wa mnyama, kwa hiyo mgeni aliyewinda kihalali katika Pori la Akiba Maswa anaweza kuondoka nalo siku hiyohiyo, wakati ngozi na fuvu vikibaki kusubiri ukaushaji, ukaguzi na karatasi. Lakini umbo halimtakasi mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria, na fundi makini huomba kuona leseni ya uwindaji kabla ya kutoa kamera mkobani.

Mkasa wa Faru John unaonyesha thamani ya vipimo kuliko hoja yoyote ya kibiashara. Faru huyo alihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Grumeti mwishoni mwa 2015, akafa mwaka uliofuata, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotaka maelezo na pembe, swali likawa kama pembe zilizowasilishwa zilikuwa zake kweli. Ilibidi Mkemia Mkuu wa Serikali apime vinasaba, na taarifa iliyokabidhiwa 2017 ikathibitisha kwamba zilikuwa zake. Vinasaba ndivyo vyenye neno la mwisho katika jambo zito kama hilo, lakini umbo la pembe lililopimwa mnyama akiwa hai lingeweza kulinganishwa nazo siku ileile zilipofika mezani.

Hata hivyo wawindaji wa kitalii ni wachache na kwa kawaida hupitia Arusha au Dar es Salaam. Mwindaji halisi wa Mwanza yuko majini, na windo lake ni sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita na anayeweza kufikia karibu kilo mia mbili. Samaki huyo akishashushwa mwaloni hugawanywa mpaka asibaki: minofu huenda viwandani na kusafirishwa nje, mabondo (vibofu vya hewa) huuzwa ghali kwa soko la Asia, na mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu) hukaangwa na kuliwa hapahapa, hivyo mvuvi aliyekesha akimvuta hubaki na fedha na hadithi ambayo hakuna anayeisadiki. Wavuvi wa Japani walilitatua tatizo hilo tangu karne ya 19 kwa gyotaku, ufundi wa kumpaka samaki wino na kumgandamiza kwenye karatasi ili alama ya mwili wake ibaki katika ukubwa wake halisi. Fundi wa mwalo wa Kirumba, Mwanza, anahitaji turubai, rula, mizani na wepesi wa mkono, kwa kuwa samaki lazima awahi barafu na tajiri wa mtumbwi hatasubiri mwanga mzuri. Tena magamba yenye maji hung'aa na kuipotosha programu, kwa hiyo kivuli ni bora kuliko jua.

Wasukuma nao wana namna yao ya zamani ya kuhifadhi uwindaji. Chama cha Bununguli, cha wawindaji wa nungunungu, kilitunza ujuzi wake katika nyimbo na ngoma, urithi ambao unaweza kufuatiliwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu inayouzwa kanda hii bila sauti ya mwindaji mwenyewe akisimulia ni nusu ya bidhaa.

Kwa wafugaji, soko la mbwa na paka lipo katika mitaa ya Mwanza kama Isamilo na Capri Point, lakini ni jembamba; ng'ombe ndiye mwenye wengi wa kumlilia. Pua ya ng'ombe ina mistari isiyofanana na ya ng'ombe mwingine, kama alama za vidole vya binadamu, na picha yake safi ikiunganishwa na umbo la pembe na mabaka humtambulisha dume mpendwa akiwa hai, hata akiibwa, na humtunza akishachinjwa.

Yapo mambo mawili yasiyosameheka. La kwanza ni mahali: simu nyingi huandika ndani ya faili la picha sehemu ilipopigwa, na picha ya faru au tembo iliyosambazwa na taarifa hiyo humwelekeza jangili, kwa hiyo ifutwe kabla faili halijatoka. La pili ni umiliki, kwani mteja anayeweza kumwona mnyama wake kupitia tovuti ya fundi pekee atampoteza siku fundi akifunga duka. Akabidhiwe faili lenyewe, katika muundo unaofunguka kwa programu yoyote, na nakala ya pili itunzwe mbali na ya kwanza.

Usajili wa jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya halmashauri ni hatua za kawaida, na upigaji picha wa kibiashara ndani ya hifadhi kama Saanane huhitaji kibali cha TANAPA. Mwaloni hakuna mlango wa hifadhi, na sangara hushushwa kila alfajiri. Anayeanza aanzie hapo.