Ganzi Badala ya Kasumba

Neno kasumba wengi wetu hulijua kwa maana ya fikra za kutawaliwa zilizoganda akilini. Lakini lina maana nyingine: afyuni. Katika afyuni ndimo ilimotoka mofini, dawa ambayo Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19 na kuipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani.

Mgonjwa aliyepasuliwa mgongo sehemu ya kiunoni hupata maumivu makali, hasa siku za mwanzo. Kwa miaka mingi tegemeo la madaktari limekuwa mofini na jamaa zake. Dawa hizi hutuliza, lakini huandamana na kichefuchefu, kufunga choo na, kipimo kikizidi, kufifia kwa pumzi. Isitoshe, huleta uraibu. Mwaka 2021 pekee, dawa za jamii hii, za hospitalini na za vichochoroni, ziliua watu wapatao 80,000 nchini Marekani.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Mwaka 2016 madaktari walieleza mbinu ya kutia ganzi chini ya misuli inayousimamisha uti wa mgongo. Kwa kuongozwa na picha za altrasaundi, sindano hupenyezwa hadi kwenye mfupa wa pingili, kisha dawa kama bupivakeini humiminwa hapo ili kuizima mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu. Mgonjwa bado hupewa nusukaputi anapopasuliwa. Ganzi humfaa zaidi azindukapo. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wagonjwa waliotiwa ganzi hiyo hutumia mofini kidogo zaidi katika saa 24 za kwanza.

Simaanishi mofini itupwe. Barani Afrika wengi wanaoihitaji huikosa kabisa, na huo ni ukatili. Ganzi nayo huisha baada ya saa kadhaa, tena yahitaji mkono uliofunzwa. Ninachopinga ni kasumba ile nyingine: kuamini kwamba maumivu makali yana dawa moja tu.

Kiswahili hutofautisha wazi nusukaputi, inayompotezea mtu fahamu, na ganzi, inayozima hisi za sehemu moja ya mwili. Walimu, wafunzeni wanafunzi tofauti hiyo. Asiyelijua neno hawezi kuuliza, naye asiyeuliza hupewa kilichozoeleka. Swali lenyewe ni fupi: "Daktari, nitatiwa ganzi pia?"