Dakika tano za kwanza ni zetu: ginsi mufanyakazi wa mugodi anajifunza kuokoa mwenzake

Kila mara aksida inapotokea ku kazi, watu wanauliza: "Ambulansi ilifika saa ngapi?" Ni swali la haki, na sisi wa sendika tunaliuliza kila mara. Lakini kuna swali lingine linalotangulia: mbele ambulansi ifike, nani alikuwa pale, na alijua kufanya nini?

Mutu mwenye kukatika mushipa mukubwa wa damu anaweza kufa kwa dakika chache tu. Mutu ambaye moyo wake umesimama, ubongo wake unaanza kuharibika kisha dakika nne ao tano hivi. Sasa hesabu weye mwenyewe. Ambulansi itoke hospitali, ipite barieri, ishuke mu shimo kwa ile njia ya kamio kubwa, itafute fasi mutu alipoangukia. Hata dereva akiwa mwepesi namna gani, dakika nne zimekwisha kupita. Zile dakika haziko za munganga. Ziko za yule mwenye alikuwa anafanya kazi pembeni yako.

Ni juu ya ile nilikubali kuingia mu mafunzo ya sekuristi, pale Kolwezi. Ninaandika hapa yale tuliyojifunza, na yale ambayo bado yanakosa.

Siku tano mu kalasi

Tulikuwa watu 14: mafundi wa umeme, madereva wa kamio, mama wawili wa laboratwari, mulinzi mumoja, watu wa kiwanda, na miye kama delege. Mwalimu wetu alikuwa anfirmye mwenye umri, mwenye alipitisha miaka mingi mu hospitali za migodi. Hakuanza na kitabu. Alitoa saa yake ya mukono, akaiweka juu ya meza, akatuomba tunyamaze kwa dakika nne.

Dakika ya kwanza watu walicheka kidogo. Ya pili, kila mutu alikuwa anaangalia dirisha. Ya tatu ilikuwa ndefu sana. Kisha ya nne akasema: "Hii njo wakati muko nayo. Si mingi, lakini mumeona, si kidogo vile munafikiria."

Tangu pale hakuna mutu aliyecheza tena.

Asubuhi tulikuwa tunasoma, kisha midi tulikuwa chini, juu ya sakafu, na manekini. Kubonyeza kifua si kazi ya nguvu ya mikono. Dereva mumoja, mwanaume mukubwa sana, alichoka mbele ya wote. Mama mumoja wa laboratwari, mwembamba, alifika mpaka mwisho. Juu ya nini? Juu alinyoosha mikono, akaacha uzito wa mwili wake ufanye kazi. Unabonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimeta 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mara 30, kisha unapuliza pumzi 2, unarudia tena. Kila dakika mbili munabadilishana, kwa sababu mwenye kuchoka anabonyeza vibaya na yeye mwenyewe haoni.

Kazi ya kwanza si kukimbia

Somo ambalo lilitusumbua zaidi halikuwa la damu. Lilikuwa hili: ukiona mwenzako ameanguka, simama kwanza. Angalia. Nini ilimuangusha? Ile kitu ingali pale?

Kwetu sisi watu wa migodi, hii ni nguvu kukubali. Tulikomaa na desturi ya kwamba mwenzako akianguka, unaruka. Lakini wengi walikufa kwa kuruka. Umeme ulimukamata mumoja, wa pili akamushika mukono, wote wawili wakabaki pale. Kata umeme kwanza. Udongo ulimufunika mumoja, wengine wakaingia chini ya ile ukuta yenye ilikuwa inapasuka. Tunakumbuka Juni 2019, karibu na Kolwezi, wakati ardhi iliangukia wakrezeri na zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ardhi yenye imeanguka mara moja inaweza kuanguka tena.

Na kuna gazi. Ndugu zetu wakrezeri, hii ni yenu zaidi. Motopompe ya esansi ikiwekwa ndani ya shimo kwa kutoa maji, inatoa gazi moja isiyo na harufu wala rangi. Mutu anasikia kichwa kinauma, miguu inaregea, analala. Mwenzake anashuka kumutafuta, naye analala. Wa tatu anashuka. Si uchawi, na si shimo lenye kuomba watu. Ni ule moshi wa motere. Motopompe ibaki inje, mbali na kinywa cha shimo. Na kila mwenye kushuka ashuke amefungwa kamba tangu mwanzo, ili watu wa juu waweze kumuvuta bila mutu mwingine kuingia. Kama kamba haiko, hakuna kushuka bila apareyi ya kupumulia. Zima motere, ingiza hewa mupya, ita msaada. Ninajua ni uchungu kusimama juu na kungoja. Lakini familia moja kulia ni afazali kuliko familia tatu.

Mu kiwanda, adui wetu ni asidi. Mutu akimwagikiwa na asidi, maji kwanza, mingi, palepale, kwa muda wa dakika 20 ao zaidi, na nguo zitoke. Kama ni macho, maji hivyohivyo, kope zikiwa wazi. Usingoje shefu atoe ruhusa ya kufungua dushi.

Yenye mikono inapaswa kujua

Damu ikitoka, bonyeza juu ya kidonda na kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kwa kuangalia. Kama ni mukono ao muguu, na damu inakataa kusimama, funga garo: katikati ya kidonda na moyo, si juu ya goti wala kiwiko, kaza mpaka damu isimame. Andika saa. Kisha usiilegeze. Kuifungua ni kazi ya hospitali.

Mutu akianguka kutoka juu, usimubebe kwa mikono na miguu sawa mufuko wa mahindi. Usimukalishe mu taksi. Kama mufupa wa mugongo umevunjika, ni weye unaweza kumukata miguu kwa maisha yote. Shika kichwa kisitikisike, mungojee machela, isipokuwa kama moto ao udongo unakuja.

Mwenye amezimia lakini anapumua, mulaze kwa ubavu ili matapishi yasimuzibe koo. Usimumwagie maji mu kinywa.

Na hili wengi hatukulijua. Kama jiwe ao chuma kimebana miguu ya mutu dakika chache tu, mumutoe upesi. Lakini kama amebanwa muda mrefu, sawa saa moja na zaidi, usimuvute kwa haraka mbele munganga hajafika. Anaweza kuwa anaongea nanyi vizuri, hata anacheka, na mukimutoa moyo unasimama. Ile nyama iliyobanwa ilikosa damu, ikaanza kufa, na sumu yake inarudi mu mwili wote mara moja. Munganga anamupatia serum mbele ya kumufungua. Wazee wa mu mashimo walikuwa wanasema: "Alikuwa muzima, kisha wakamutoa akafa." Walikuwa wanaona vizuri. Sababu tu ndiyo haikuelezwa.

Woga wa kuguswa na kesi

Siku ya tatu, fundi mumoja wa umeme alisimama, akasema kile wote tulikuwa nacho mu roho: "Mwalimu, mi siogope damu. Lakini mutu akikufa mu mikono yangu, familia yake batasema ni miye njo nilimuua. Batakuya ku nyumba yangu."

Hakuna aliyemucheka. Mu kartye zetu tunajua ginsi matanga inaweza kugeuka vita. Mwalimu alimujibu pole pole: "Mutu mwenye moyo umesimama, amekwisha kufa. Hauwezi kumuua mara ya pili. Unaweza tu kumurudisha." Kisha akaongeza: usifanye kitu ambacho haukufundishwa, andika saa na yale uliyoyafanya, na watu wawili waone. Sekuristi si munganga. Hapigi sindano, hatoi dawa. Anashikilia maisha mpaka mwenye kujua zaidi afike.

Ninawaomba familia muelewe jambo hili. Mukisikia kwamba kijana fulani alimugusa baba yenu mbele afe, muende mumushukuru. Wengine wote walikuwa wanaangalia.

Elimu hii haikushuka kutoka mbinguni

Mwaka 1906, mwaka uleule Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa, mugodi wa makaa wa Courrières, Ufaransa, ulilipuka tarehe 10 Machi. Watu 1099 walikufa. Siku 20 nyuma, wanaume 13 walitoka wenyewe wakiwa wazima, wakati watu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Kisha ile hasira ya wafanyakazi na wajane, vituo vya uokozi mu migodi viliongezeka Ulaya.

Tena Marekani, mu muji wa chuma wa Pittsburgh, mwaka 1967, daktari Peter Safar alichukua watu weusi wa kartye ya masikini, wengi bila kazi, wengine hawakumaliza sekondari, akawafundisha karibu saa 300. Ambulansi yao iliitwa Freedom House. Walikuwa kati ya watu wa kwanza mu ile inchi kumutunza mugonjwa vizuri ndani ya motokari, si kumubeba tu. Wenye walikuwa wanazarauliwa njo waliokoa wengine. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba mufanyakazi wa mikono hawezi kujifunza.

Karatasi bila sanduku

Miezi tatu hivi kisha mafunzo, posti ya usiku, bandi ya kupeleka mawe ilikamata mukono wa kijana wa kampani ndogo, wale wa sutretansi. Wenzake watatu walikuwa pale. Walizima mashini, na hilo lilikuwa jambo zuri. Kisha walipiga kelele, wakamupepea na kaski. Hawakufundishwa kitu kingine.

Mumoja wetu wa ile kalasi alikuwa mbali kidogo, akitengeneza pompe. Alisikia, akakimbia. Sanduku la dawa lilikuwa ku ukuta, limefungwa na kufuli, na ufunguo uko kwa shefu ambaye alikuwa ku biro. Alipasua kitambaa chake, akakifunga juu ya kiwiko, akakizungusha na kle ya kukazia buloni mpaka damu ikasimama. Akaandika saa ku kipaji cha yule kijana na bik. Ambulansi ilifika kisha dakika 25. Yule kijana alipoteza mukono, lakini leo yuko na muke wake na watoto.

Asubuhi walimupongeza mwenzetu, wakapiga picha. Usiku uleule alirudi ku posti yake sawa kawaida. Hakuna aliyemuuliza kama alilala. Hakulala. Aliniambia kwa siku nyingi alikuwa anasikia sauti ya ile bandi hata ku nyumba, muke wake akipika.

Wale watatu wa sutretansi, mpaka leo, hawajapata mafunzo. Tumeuliza. Kampani kubwa inasema ni kazi ya kampani ndogo. Kampani ndogo inasema kontra ni ya miezi tatu tu, kwa nini wapoteze makuta. Na ni wao wenye kufanya kazi karibu zaidi na mashini.

Yenye tunaomba

Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inataka komite ya usalama na usafi ku kazi, na inamubebesha patroni muzigo wa matunzo ya mufanyakazi na familia yake. Madelege wetu wanakaa mu ile komite. Wasikae tu kwa kusaini. Ku kikao kinachokuja, wabebe maombi haya matano.

Moja, sekuristi mwenye mafunzo mu kila ekipe na kila posti, hata ya usiku na ya siku ya Mungu. Mbili, watu wa sutretansi na jurnalye wahesabiwe pamoja nasi. Damu yao haina kontra. Tatu, saa za mafunzo zilipwe sawa saa za kazi, na mafunzo yarudiwe kila mwaka, kwa sababu mikono inasahau. Ine, sanduku la dawa lisifungwe na kufuli, na garo iwe ndani. Tano, mwenye ametoka kuokoa mutu, ao kumukosa, apate siku ya kupumuzika na mutu wa kumusikiliza.

Na weye mama mwenye kusoma hapa, baba akirudi leo, umuulize maswali mawili: ku ekipe yenu, nani anajua kufunga garo? Na ufunguo wa lile sanduku uko kwa nani? Akikosa jibu, amuulize delege wake kesho asubuhi, mbele posti ianze.