Krismasi zenye rekodi: kutoka reli ya Usinge hadi Vienna

Kwa mtu wa Usinge, kwenda kula sikukuu mjini maana yake ni Tabora. Desemba inapoelekea ukingoni, stesheni hujaa watu wa kuelekea mashariki, wapitie Kaliua na Urambo: gunia la mchele, dumu la asali, jogoo aliyefungwa miguu. Lakini siku hizi wapo pia watoto wa reli hii walioko Ulaya, na sikukuu ikikaribia hutuma picha za taa mpaka simu zinajaa. Basi tupime. Nani ana Krismasi kongwe, nani ana kubwa, na nani anapiga domo tu?

Anayejigamba kwa umri ni Vienna. Mwaka 1296 mtawala Albrecht I aliwaruhusu wafanyabiashara wa mji huo kufanya soko la Desemba, na mpaka leo Vienna haichoki kuutaja mwaka huo. Haki isemwe: lile lilikuwa soko la kununua mahitaji ya majira ya baridi, si la Krismasi hasa. Anayetaka soko lililofungamana na sikukuu yenyewe huelekezwa Dresden, ambako soko la Striezelmarkt lilianza mwaka 1434. Lilianza kwa siku moja tu, Krismasi ikikaribia, ili watu wapate nyama ya kufungulia mfungo. Hilo hata mchinjaji wa Kaliua atalielewa bila kufafanuliwa.

Ugomvi mkali kuliko wote uko kaskazini, baina ya Tallinn na Riga. Tallinn wanasema mti wa kwanza wa Krismasi kusimamishwa uwanjani ulikuwa wao, mwaka 1441. Riga wanasema ulikuwa wao, mwaka 1510, na wakaweka jiwe la kumbukumbu. Kinachochekesha ni kwamba miji yote miwili inawataja watu wa aina moja: chama cha wafanyabiashara makapera. Ninavyoona mimi, Tallinn wana tarehe nzuri zaidi, Riga wana jiwe zuri zaidi, na kesi haitaisha leo.

London haishindani kwa umri. Rekodi yake ni ya shukrani: tangu 1947 mti unaosimama Trafalgar Square hutoka Oslo, zawadi ya Wanorwe kwa msaada wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. London ina rekodi nyingine ambayo wageni huigundua wakiwa wamechelewa. Tarehe 25 yenyewe treni za chini ya ardhi hazitembei, mabasi ya jiji nayo yanapumzika, na maduka karibu yote yamefungwa. Mtu aliyekata tiketi ya ndege akidhani atakuta Krismasi kama ya Kariakoo, watu barabarani wamevaa nguo mpya na muziki kila kona, atazunguka kwa miguu kwenye baridi akitafuta pa kula. Sherehe ya Ulaya ni ya kungojea sikukuu; sikukuu ikifika, watu wanajifungia ndani na familia zao. Ujerumani na Austria wanafunga biashara mapema zaidi, kwa kuwa jioni yao kubwa ni ya tarehe 24.

Krismasi yenye jua dogo kuliko zote ni ya Reykjavik, mji mkuu wa nchi huru ulio kaskazini kuliko yote duniani. Wakati huo wa mwaka jua lao hudumu kama saa nne. Usinge linapita saa kumi na mbili, mvua ikiruhusu.

Mji mkuu mdogo kuliko yote ni Vatikani, hekta 44 tu, na hapo ndipo Tabora inapoingia kwenye orodha. Mwaka 2023 Papa Fransisko alimfanya Protase Rugambwa kuwa kardinali, na kabla mwaka haujaisha akashika uongozi wa Jimbo Kuu la Tabora. Tabora haikuwahi kuwa na kardinali kabla yake. Mei 2025 alikuwa mmoja wa waliojifungia kumchagua papa mpya. Wapo Wakatoliki wa miji mikuu ya Ulaya ambao askofu wao si kardinali. Wa Usinge anaweza kumfikia wake kwa treni.

Na kama ni Krismasi iliyoharibika na kujulikana kuliko zote, hiyo ni ya njia yetu hii ya misafara, wala hakuna wa kutunyang'anya. Mwaka 1871 wasafiri Stanley na Livingstone walikuwa Ujiji, wakaamua kuila sikukuu kama ilivyo kwao. Sokoni walipata kila kitu: kondoo wenye mikia minono, mbuzi, samaki, mayai, maziwa, ndizi, viazi vitamu, vitunguu, hata pombe. Stanley, aliyekuwa ametoka tu kwenye homa, alimhutubia mpishi wake Ferajji asubuhi hiyo juu ya uzito wa siku ile. Nyama ikaharibika, kastadi ikaungua. Stanley aliandika kitabu na lawama akamtwika mpishi; Ferajji hakuandika chochote, kwa hiyo upande wake hatuujui. Mtu anayepikia wageni juu ya mafiga huku bosi amemsimamia na hotuba anastahili kuhurumiwa. Siku mbili baadaye wazungu hao waliondoka Ujiji, wakazungukia kusini, na Tabora wakaiona tarehe 18 Februari 1872. Treni ya leo kutoka Kigoma, jirani na Ujiji, hufika Tabora ndani ya siku moja.

Na kwa ukubwa, kuna ushindi mmoja wa Usinge usiohitaji kubishaniwa. Ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi, inayoigusa wilaya ya Kaliua, ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 32,500. Ubelgiji nzima, pamoja na Brussels na taa zake, ingeenea humo na nafasi ikabaki.

Kwenye chakula nakiri kwamba napendelea. Mvinyo wa moto wa Vienna una sifa zake, lakini Desemba ya Tabora ina embe zilizoiva, uyoga wa porini unaouzwa kando ya barabara, na michembe ya kunywea chai wakati pilau bado iko jikoni.

Kwa hiyo, mwenye nauli ya Vienna aende mwanzoni mwa Desemba na awe ameyamaliza masoko kabla ya tarehe 24. Mwenye nauli ya Tabora akate tiketi mapema: treni haipiti Usinge kila siku, na sikukuu ikikaribia hujaa.