Ardhi Iliyo Chini ya Kibanda: Tujifunze kwa Watu wa Eastlands

Mkulima, huenda una ndugu anayekaa Nairobi, upande wa Eastlands. Siku utakapokwenda kumwamkia huko Kaloleni, Umoja, Donholm au Kayole, usitazame maghorofa peke yake. Zunguka nyuma ya nyumba, utazame vile vibanda vya mabati ambamo watu huweka majembe, chakula cha kuku, na magunia mawili matatu ya mahindi yaliyotoka kwenu. Utaona kimoja kimeinama kama mzee, kingine mlango haufungi, na kingine sakafu ya simiti imepasuka toka pembe mpaka pembe. Mwenyewe atamlaumu fundi wa mbao. Lakini mara nyingi mbao hazina kosa. Kibanda kilisimamishwa kabla ardhi haijatengenezwa.

Jambo hili lawahusu ninyi mlio katika skimu, kwa kuwa udongo wa Eastlands ni ndugu wa udongo wa Mwea na wa Ahero. Magharibi ya Nairobi, kama Kabete, udongo ni mwekundu, nao hutulia. Mashariki, kuelekea nyanda za Athi, ni mweusi, ule tuuitao udongo wa pamba. Ukipata maji huvimba. Ukikauka hunywea na kupasuka nyufa za kuweza kuingiza mkono. Hufanya hivyo mvua ndefu za Machi hadi Mei, na tena mvua za Oktoba hadi Desemba.

Sasa fikiri. Ardhi iliyo chini ya katikati ya kibanda haipigwi na jua wala mvua, basi haibadiliki sana. Ile ya pembeni hulowa na kukauka. Kuta hupanda na kushuka, katikati kumetulia, na hapo ndipo sakafu huvunjika. Kwa hiyo kazi yako ni kuyazuia maji yasije na kuondoka chini ya kibanda.

Kama huna hakika na udongo wako, fanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa inchi 12, upana inchi 1 na kina inchi 1. Kipake mafuta ndani, ukijaze udongo uliokandwa kwa maji, ukiweke kivulini mpaka ukauke kabisa. Kisha pima. Ukiwa umefupika inchi nzima au zaidi, usijenge juu yake hivi hivi.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na mikaratusi, maana miti hiyo hunyonya maji mengi na kuikausha ardhi kuliko jua. Mjini yafaa pia kuuliza kwanza mabomba ya maji na ya maji machafu yapita wapi. Tena kibanda kilichojengwa juu ya akiba ya barabara kitavunjwa hata kikiwa kimenyooka namna gani.

Tuseme kibanda chako ni futi 6 kwa 8. Piga vigingi na kamba futi 8 kwa 10, ili pabaki futi moja kila upande. Chimba futi moja kwenda chini, ukatoe mizizi yote. Udongo wa juu usiutupe, upeleke kwenye sukuma wiki. Kisha jaza moramu mpaka ipite usawa wa ardhi kwa nusu futi. Hiyo ni kama mita 3 na nusu za ujazo, lakini moramu hushuka ikishindiliwa, kwa hiyo agiza 4 na nusu. Usiimwage yote kwa mara moja. Weka tabaka la inchi 6, nyunyiza maji kidogo tu, shindilia kwa gogo lenye mishikio mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama, ndipo uweke jingine.

Hapa watu wengi hukosea. Huona kokoto tupu ni safi kuliko moramu, wakajaza kokoto shimoni. Udongo mweusi haupitishi maji upesi, basi shimo hilo huwa karai: mvua huingia kati ya kokoto, hukaa, na kuulowesha udongo wa chini majuma mengi. Moramu iliyoshindiliwa vizuri huyakataa maji. Uso wake uteremke kidogo pande zote, na kuzunguka chini uchimbe mfereji wenye mahali pa kutokea. Maji ya paa yapokewe na mfereji wa bati yaingie pipani.

Juu ya moramu usikimbilie simiti. Kibanda chepesi ni heri kikae juu ya matofali ya mawe sita, sakafu ya mbao ikiwa imeinuka. Pembe moja ikishuka baadaye, utaiinua na kutia kipande cha jiwe bapa, ukaendelea na shughuli zako. Sakafu ya simiti ikipasuka haina dawa kama hiyo. Ghala zito la mawe ni habari nyingine: udongo mweusi wote sharti uondolewe mpaka kwenye mwamba au ardhi ngumu, na hapo umwite fundi anayejua.

Msidhani haya ni mambo ya unadhifu tu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na kuvu hukua penye unyevu. Mahindi yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, lakini yakiwekwa juu ya sakafu inayovuta maji kutoka chini, yatalowa tena. Mbolea nayo hugeuka mawe.

Kazi hii ifanyeni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, udongo ukiwa mkavu. Mvua za kwanza zikipita, weka pimamaji juu ya sakafu, ukatazame kila pembe.