Tishu ya Binadamu Maabarani: Mfasiri Aseme Nini?

Muhula uliopita, katika darasa la tafsiri hapa Makindye, niliwapa wanafunzi aya moja ya Kiingereza. Aya hiyo ilieleza kwamba watafiti hukuza tishu ya binadamu katika maabara ili wachunguze virusi vya mafua. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Wataalamu wanaotesha nyama ya watu na kuitia magonjwa." Darasa zima likaangua kicheko. Kicheko kilipotulia, msichana aliyeketi nyuma alinyoosha mkono, akauliza bila kucheka: "Mwalimu, nyama ya nani?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Hatukusudii kuwageuza walimu wa lugha kuwa madaktari. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mfasiri asiyekielewa kitu hawezi kukitafutia neno, na kwamba neno lisilofaa huweza kuwatia watu hofu au kuwaficha jambo wanalostahili kulijua.

Tishu ni nini?

Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe iliyo hai. Seli za aina mbalimbali zikijipanga pamoja na kugawana kazi, tunapata tishu. Kwa maneno mengine, seli ni tofali na tishu ni ukuta. Chukua mfano wa utando unaofunika njia ya hewa kuanzia puani hadi mapafuni. Utando huo una seli za chini zinazozaa seli nyingine, seli zinazotoa ute, na seli zenye vijinywele vinavyopiga bila kukoma vikiusukuma ute huo, pamoja na vumbi lililonaswa, kuelekea kooni. Yeyote aliyepanda bodaboda wakati wa kiangazi ameiona kazi ya utando huo kwenye kitambaa chake cha mkononi.

Kirusi kinahitaji makao

Kirusi hakiwezi kuzaana nje ya seli iliyo hai. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayetaka kukichunguza lazima akitafutie makao. Mfano wa zamani tunao karibu. Ukishuka kutoka Makindye na kushika barabara ya Entebbe, utapita karibu na msitu wa Zika kabla ya kufika mjini Entebbe, ilipo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1947 watafiti wake walichukua damu ya kima aliyewekwa katika msitu huo, wakawadunga panya. Panya waliugua, na kirusi kipya kikapatikana. Kikapewa jina la msitu.

Baada ya wanyama zikaja seli za binadamu zinazokua bila kikomo ndani ya chupa. Seli hizo hutandaa chini ya chombo, zikiwa zimezama katika maji yenye virutubisho. Zimesaidia mno, lakini hazifanani na utando wa njia ya hewa. Hazina ute wala vijinywele.

Kirusi kilichokataa chupa

Upungufu huo ulionekana wazi kwa virusi vya rino, ambavyo ndivyo visababishi vikuu vya mafua ya kawaida, yale ambayo Waganda huyaita ssenyiga. Kuanzia mwaka 2006 wataalamu walitambua kundi jipya la virusi hivyo, kundi C, kwa kuzisoma jeni zake. Kundi hili huwabana kifua watoto, hasa wenye pumu. Hata hivyo, lilipotiwa katika seli za kawaida za chupani, halikukua.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walifaulu kulikuza katika vipande vya utando wa pua vilivyotokana na upasuaji. Baadaye ilithibitika kwamba linakua pia katika tishu iliyokuzwa maabarani. Mwaka 2015, kwa kulinganisha seli zinazokipokea kirusi hicho na zile zisizokipokea, sababu ilijulikana. Kirusi huingilia kwenye protini iitwayo CDHR3, na protini hiyo hukaa kwenye seli zenye vijinywele. Seli za chupani hazikuwa na mlango huo.

Habari hii inatuhusu Uganda moja kwa moja. Mwaka 2013 sokwe wa Kanyawara, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa nchi, walipatwa na ugonjwa wa kukohoa. Kati ya sokwe 56, watano walikufa. Katika mwili wa mtoto mmoja wa sokwe kilikutwa kirusi cha rino C, yaani kirusi cha binadamu. Sokwe 41 walipimwa jeni, na wote walikuwa na ile aina ya CDHR3 ambayo kwa watoto wetu huongeza hatari ya kuambukizwa kirusi hicho na ya kuugua pumu. Mafua yanayompita mtu mzima kwa siku chache yalikuwa mauti kwa sokwe. Bila kuujua mlango uliogunduliwa katika tishu, tusingejua kwa nini.

Jinsi tishu inavyokuzwa

Kwanza, seli chache huchukuliwa puani kwa brashi ndogo, au katika kipande kilichotolewa wakati wa upasuaji.

Pili, seli hizo huwekwa juu ya kichujio chembamba ndani ya kikombe kidogo, katika joto la nyuzi 37. Zikisha kutandaa, maji ya juu huondolewa. Kuanzia hapo, juu zinapata hewa na chini zinapata chakula, kama zilivyokuwa mwilini.

Tatu, baada ya takriban wiki nne seli zimegawana kazi. Ute unatoka, na chini ya hadubini vijinywele huonekana vikipiga. Ndipo kirusi hudondoshwa upande wa juu, upande ambao mtu hukipokea anapovuta pumzi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 watafiti wa China walitumia tishu ya namna hii kukipata kirusi cha korona.

Tishu hii ina mipaka yake. Haina mzunguko wa damu, haina kinga kamili ya mwili, na haipati homa. Kwa hiyo tusiiite pafu, sembuse mtu.

Nyama ya nani?

Sasa turudi kwa msichana wetu. Swali lake lina historia. Zile seli za kwanza za binadamu zilizokua bila kikomo zilitoka kwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyekuwa akitibiwa saratani katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951. Hakuombwa ruhusa. Alifariki mwaka huo huo, na seli zake zikasambaa duniani. Ni mwaka 2023 tu ambapo warithi wake walifikia maafikiano na kampuni moja iliyokuwa ikizitumia kibiashara.

Siku hizi anayetoa seli huombwa ridhaa kwa maandishi, na maandishi hayo lazima yafasiriwe. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Mama wa Makindye akisomewa kwamba "nyama ya mtoto wako itaoteshwa", atamchukua mwanawe na kuondoka. Akisomewa kwamba "sampuli itachukuliwa", atatia sahihi bila kuelewa, na ridhaa yake itakuwa ya karatasi tu. Tungependekeza aelezwe hivi: "Tutachukua seli chache puani mwa mtoto kwa brashi. Tutazikuza ziwe kama utando wa ndani ya pua, kisha tutazitia kirusi tuone kinavyoambukiza. Seli hizo hazitarudishwa mwilini mwa mtoto, na mtoto hatatiwa kirusi."

Kuhusu istilahi, tuna maoni matatu. Tishu ibaki tishu, lakini mara ya kwanza ielezwe, kwa kuwa nyama humpeleka msikilizaji buchani. Kukuza kunafaa kuliko kuotesha, maana kinachooteshwa ni mbegu, ilhali seli zilikuwapo tayari kwa mwenyewe. Tena, katika darasa lenye Waganda, kirusi kitofautishwe na kidudu, kwa sababu akawuka ya Kiganda hubeba maana zote mbili.

Mwanafunzi wetu aliombwa aiandike upya sentensi yake. Safari hii aliandika: "Watafiti hukuza seli zilizotolewa na watu kwa ridhaa yao, zikawa tishu inayofanana na utando wa njia ya hewa, ili wachunguze jinsi virusi vya mafua vinavyoambukiza." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na neno ridhaa halikuwamo katika aya ya Kiingereza. Nilimuuliza kwa nini ameliongeza. Alijibu kwamba bila neno hilo, yule dada wa nyuma angeuliza tena.

Je, ndugu msomaji, ungelifuta? Majibu ya walimu na wanafunzi yanakaribishwa kwa toleo lijalo.