MGONGO WA MTOTO: UTAZAME ANGALI ANAKUA

Ninyi akina baba wa kazi na akina mama wa kambi, someni habari hii pamoja.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja alileta binti yake wa miaka 12 kwenye dispansari kwa ajili ya kikohozi. Nilipotaka kusikiliza mapafu, niliona mbavu za upande wa kuume zimeinuka kama kilima kidogo. Mama akasema: «Munganga, ni mfuko wa masomo, itapita.» Baba, mtoboaji wa mawe kule chini, alifikiri kuna mtu aliyemtupia mtoto ubaya. Wote wawili walikosea.

Ugonjwa huo unaitwa skolioze. Uti wa mgongo unapinda kando na kujizungusha. Katika vijana 100, wapata 2 au 3 wanao. Mara nyingi sababu yake haijulikani, lakini si mfuko, si kitanda, si uchawi. Unazidi upesi wakati mtoto anaporefuka, na zaidi kwa wasichana.

Jinsi ya kutazama

Mtoto avue shati, asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimeungana, ainame polepole. Wewe kaa nyuma yake. Je, upande mmoja wa mgongo umepanda kuliko mwingine? Akisimama, bega moja liko juu? Mlete kwetu.

Angalisho: akiwa na maumivu usiku, homa, kukonda, miguu dhaifu, au kinundu katikati ya mgongo, msingoje hata siku moja. Inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, nacho kina dawa zake.

Korse

Munganga mkubwa anapiga picha ya radio na kupima mpindo kwa digrii. Ukiwa chini ya 25, kwa kawaida anautazama tena kila baada ya miezi michache. Ukiwa kati ya 25 na 40, na mtoto angali anakua, ndio wakati wa korse ya plastiki ngumu, iliyotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake. Ukifika 50, mara nyingi ni habari ya kupasuliwa.

Korse hainyooshi kabisa. Kazi yake ni kuzuia mpindo usizidi. Ninyi wa chini mnajua: nguzo inawekwa kabla dari haijaanguka, wala haiondolewi kila mara. Matokeo ya uchunguzi wa Marekani na Kanada yalitolewa mwaka 2013. Katika watoto 100 wa korse, 72 walimaliza kukua bila kufika digrii 50. Wasio na korse walikuwa 48. Waliovaa saa 13 na zaidi kwa siku walifaulu zaidi ya 90 katika 100.

Chini yake mtoto avae fulana ya pamba, safi kila siku. Ngozi ioshwe na kukaushwa vizuri. Ikichubuka, rudini korse irekebishwe.

Mazoezi

Katharina Schroth alianza kufundisha mazoezi yake kule Ujerumani mwaka 1921: mtoto ajirefushe, ajinyooshe mbele ya kioo, apeleke pumzi upande uliobonyea. Yanatia nguvu misuli na kusaidia kupumua. Kila mtoto ana yake, kwa kadiri ya mpindo wake. Afundishwe na mwenye ujuzi. Lakini hayashiki nafasi ya korse. Mpira na kuogelea si marufuku. Munganga ndiye atasema lini korse ivuliwe.

Binti yetu alikuwa na digrii 28. Masomoni walimcheka, akaificha korse chini ya kitanda. Jioni moja baba yake aliingia nyumbani na kofia yake ya kazi kichwani, akamwambia: «Mwanangu, hii inanichosha na inanitoa jasho. Lakini chini ya jiwe siivui.» Kesho yake mtoto akavaa. Picha ya mwisho ilionyesha digrii 30: mpindo umesimama.

Wazazi, leo jioni mwambieni mtoto ainame. Ni kazi ya dakika moja tu.