Mistari ya wazee ndani ya udongo

Sisi wa Kasongo na Kabambare tunajua kwarzi, lile jiwe jeupe tunalotwanga tupate dhahabu. Kule Ishango, karibu na ziwa Edouard, mutu mumoja alipachika kipande chake kwenye ncha ya mfupa, akauchonga mistari kwa mafungu. Ni miaka kama 20.000 sasa. Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950. Leo uko Bruxelles.

Sanaa ya zamani hizo ina njia nyingi: kuchora kwa rangi kwenye mwamba, kama Kondoa kule Tanzania, kukwangua jiwe, kuchonga mfupa, kutoboa shanga.

Ndugu, ukikuta shimoni mfupa wenye mistari, usiutupe na matope. Ukishatoka mahali pake, nani atajua umri wake? Simamisha kazi kwanza, ita wazee waone.